Mobile

Mobile ni neno la Kiingereza lenye asili ya Kilatini, mobilis, yaani kinachosogea. Waingereza huiita hivyo simu ya mkononi. Wamarekani husema cell, kwa kuwa mtandao wa simu hugawanya nchi katika maeneo madogo yaitwayo seli. Kenya ilifuata Uingereza, ila mitaani Nakuru neno hilo halisikiki sana: simu yatosha. Rununu ni ya vitabuni zaidi. Simu ndogo ya vitufe ni kabambe, na yenye tochi ni mulika mwizi, jina tamu kuliko yote. Hata hivyo, muuza viazi wa Molo anapolipwa kwa M-Pesa hulitaja mobile kwa mkato: herufi M, tangu Machi 2007, husimamia neno hilo.