Maji ya Mwaka 1961: Mto Wetu na Mvua za Mwisho wa Mwaka



Mwezi wa Marehemu ukifika, hapa Kindu twawaombea wafu wetu huku mvua ikipiga mabati. Radi zaunguruma upande wa msitu, na Lualaba, ambao wakati wa kiangazi ulionyesha mchanga wake, waanza kujaa. Wanaokaa Alunguli na kuvuka kwa mtumbwi kuja mjini hutazama mto kwanza, ndipo watazame mawingu. Kisha Majilio yaingia, na Injili ya Mtakatifu Luka yatutajia bahari inayovuma na mataifa yanayofadhaika. Hapo kila mwaka wako wanaouliza: Je, gharika hizi ni adhabu? Je, ndio mwisho wa dunia?

Kabla ya kujibu, yafaa tujue kwanza yaliyopata kutokea. Mto wetu una historia, na historia hiyo ina mafundisho.

Ziwa lililofungua mlango

Tuanze mbali kidogo. Bwana Livingstone alifika Nyangwe, katika Maniema yetu, mwaka 1871, akaudhani Lualaba kuwa ndio Nile. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alizunguka sehemu ya kusini ya Ziwa Tanganyika akauona mdomo wa mto Lukuga, lakini ulikuwa umezibwa na majani na matope. Stanley alipita huko mwaka 1876. Naye aliona kwamba ziwa linapanda na kumeza ufuko wa Ujiji, akasema siku zaja ambapo litafurika kupitia Lukuga. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1878 hivi maji yalisukuma kile kizuizi, na Lukuga ukatoka kwa nguvu nyingi kwenda magharibi. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita nyingi.

Maji hayo yalikwenda wapi? Lukuga waingia Lualaba kati ya Kabalo na Kongolo. Basi maji ya Tanganyika hupita Kongolo, hupita Kasongo, na kufika mbele ya macho yetu hapa Kindu, kisha yaendelea hata Ubundu, Kisangani, Kinshasa na bahari. Mvua ikizidi Burundi au Kigoma, sisi nasi ni jirani zao, ingawa hatuoni milima yao.

Mwaka wa maji na wa damu

Sisi tunaoandika hatukuwa tumezaliwa mwaka 1961, lakini wazee wetu waliuona. Mwaka huo ulianza kwa ukame katika sehemu nyingi za Kenya na Tanganyika. Ng'ombe wa Wamasai walikufa kwa wingi. Kisha, tangu Oktoba, mbingu zikafunguka. Mvua zilinyesha kuanzia pwani ya Somalia na Kenya hata katikati ya Kongo. Tanganyika ilipata uhuru wake tarehe 9 Desemba katika masika hayo yasiyo ya kawaida, na watu wengi wa Afrika Mashariki wakaziita mvua za uhuru. Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,000 hivi, lilipanda zaidi ya mita 2 kwa muda wa miaka 3 tu. Vinamasi vya Nile huko Sudani vikapanuka zaidi ya mara mbili. Ziwa Tanganyika nalo likapanda.

Huku kwetu, mto Kongo ulijaa kuliko ulivyopata kupimwa. Kwa kawaida hupitisha mbele ya Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati ule, maji mita za ujazo 40,000 hivi kwa sekunde moja. Mnamo Desemba 1961 zilipita 80,000 hivi, yaani karibu mara mbili.

Walakini, ukimwuliza mzee wa Kindu habari za mwaka 1961, mara nyingi hatakuanzia na maji. Atakuanzia na damu. Tarehe 11 Novemba mwaka huo Waitalia 13 wa jeshi la anga, waliokuja kwa huduma ya Umoja wa Mataifa, waliuawa na askari hapa Kindu. Na tarehe 1 Januari 1962, huko Kongolo, wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa kambini. Mto ule ule uliokuwa umejaa ulipita katika miji yote miwili. Basi vilio vya vita vilifunika habari za maji, na mambo ambayo wazee wangeweza kutufundisha juu ya gharika yakasahauliwa.

Neno la Bwana wetu

Wako waliounganisha mambo hayo mawili wakasema: Watu wamemwaga damu, ndiyo maana Mungu ameleta maji. Twaelewa uchungu wao, lakini tusome Luka, sura ya 13. Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Naye mwenyewe akaongeza habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Damu na msiba, pamoja! Akawauliza kama waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine, akajibu kwamba sivyo. Kisha akawaita wote watubu. Hakuwaruhusu wahesabu dhambi za marehemu. Aliwarudisha kila mtu kwenye moyo wake.

Basi tusimwambie mama aliyepoteza mtoto majini kwamba ni adhabu. Wala tusimtafute mchawi katika kijiji. Neno hilo limeua watu wasio na kosa.

Sababu yake ni nini?

Wataalamu wameichunguza Bahari ya Hindi. Mwaka 1999 walieleza kwamba bahari hiyo ni kama mizani. Miaka mingine maji ya upande wa Afrika hupata joto kuliko kawaida, na maji ya upande wa Sumatra hupoa. Hapo pepo huleta unyevu mwingi huku kwetu, na mvua za Oktoba hadi Desemba huzidi kipimo. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, tena 1997, tena 2019, tena 2023. Zaidi ya hayo, dunia yetu yaongezeka joto, na hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Papa Fransisko alituandikia juu ya jambo hilo mwaka 2015 katika barua yake Laudato Si', akiiita dunia nyumba yetu sote.

Maji yamerudi

Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Viktoria lilifikia na kupita kidogo alama ya mwaka 1964. Katika miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika liliingia katika nyumba za Kalemie, Uvira na Bujumbura. Mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe, mito ya milimani ilishuka kwa ghafula, na watu zaidi ya 400 wakafa. Na Januari 2024 mto Kongo ulifika mita 6.20 kwenye kipimo cha Kinshasa. Mwaka 1961 ulikuwa umefika 6.26. Maji hayakubuni njia mpya. Yalirudi mahali pake pa zamani, yakakuta tumejenga nyumba, shule na masoko.

Hapa ndipo toba yetu ilipo. Mto wa milimani huja kwa saa moja, na mtu hupata tu nafasi ya kukimbia. Lakini mto mkubwa kama wetu hupanda polepole, siku kwa siku, nao huacha alama. Asiyejua alama hiyo hujenga chini yake. Maskini hujenga huko kwa sababu kiwanja ni rahisi. Anayemwuzia akijua hatari na kunyamaza, huyo anavunja amri ya Mungu.

Twatoa shauri moja kwa parokia zote zilizo kando ya mto. Wazee waliokuwa watoto mwaka 1961 wangali nasi, lakini ni wachache, na kila Novemba majina yao yanahamia katika orodha ya marehemu. Wanashirika wa jumuiya waende kwao kabla ya Noeli. Wawaombe waonyeshe kwa kidole: maji yalifika mti gani, jiwe gani, ngazi gani. Katekista aandike hayo katika kitabu cha parokia, pamoja na siku na jina la mahali. Kisha alama ipigwe kwa rangi ukutani, ili anayetaka kujenga aione.

Noe hakungoja mvua ianze ndipo atafute mbao. Alimwamini Mungu, na kwa sababu hiyo akashika shoka mapema. Nasi tusali kwa ajili ya waliozama, tena tuchukue kalamu, maadamu wazee wetu wangali wanaweza kusimama kando ya mto na kutuonyesha.