Kuuguza Katika Nchi ya Milima na Nyika: Historia ya Elimu ya Wodi Taita Taveta

Kitenzi "kuuguza" kimetokana na "kuugua", na mtu akiliangalia umbo lake peke yake angeweza kudhani kwamba maana yake ni kumfanya mwingine augue. Lakini wasemaji wa Kiswahili wamekitumia tangu zamani kwa maana ya kukaa na mgonjwa, kumlisha, kumgeuza, kumwosha na kukesha naye mpaka apate nafuu au mpaka Mungu aamue vingine. Kukesha huko ndiko kiini cha somo ambalo wanafunzi wanaofanyia mazoezi katika hospitali za Voi, Wesu na Taveta hulidurusu kila mtihani unapokaribia, nalo ni uuguzi wa tiba na upasuaji, yaani elimu ya kumhudumia mtu mzima mwenye maradhi ya ndani ya mwili, au aliyepasuliwa, au anayesubiri kupasuliwa. Katika daftari la mwanafunzi somo hili huonekana kama orodha ndefu isiyo na mwanzo wala kwao: joto la mwili, mapigo, pumzi, shinikizo la damu, maji yanayoingia na yanayotoka, usafi wa kidonda, hatari za baada ya kupasuliwa. Katika Kaunti ya Taita Taveta, hata hivyo, mengi kati ya hayo yana njia yaliyopitia, na atakayezifuata njia hizo ataona kwamba elimu ya wodi ilibebwa zaidi na watu wa vyeo vya chini, kwa kuwa daktari alikuwa mmoja na alikuwa mbali, na aliyebaki kitandani pa mgonjwa ndiye aliyelazimika kujua kutazama.

Kabla ya hospitali, mgonjwa wa Milima ya Taita aliuguzwa nyumbani, na jambo la kwanza kutafutwa halikuwa kidonda bali hasira. Mwanaanthropolojia Grace Harris, katika kitabu chake kuhusu dini ya Wataita kilichotoka mwaka 1978, alieleza kwa kirefu desturi ya kutasa, ambayo ndani yake mtu hupiga funda la maji au la pombe ya miwa, akalipuliza kwa matone huku akitamka maneno ya kuondoa kinyongo moyoni mwake na kumtakia heri mwenziwe, kwa imani kwamba hasira iliyofichwa na mzazi, ndugu au mzee yaweza kumdhuru mwingine hata asipokusudia. Wamisionari wengi waliiona desturi hiyo kuwa ushirikina mtupu, na hukumu hiyo ilikuwa ya haraka mno. Kutasa hakukuponya nimonia, wala hakuna haja ya kudai hivyo. Lakini kulimlazimisha kila jamaa kufika kwa mgonjwa, kusema lililo moyoni na kupatana, na kulimhakikishia mgonjwa kwamba hakuachwa peke yake. Mtaala wa leo humtaka muuguzi amchunguze mgonjwa pamoja na familia yake, hofu zake na imani zake kabla ya kupanga huduma, na katika jambo hilo wazee wa milima ya Dawida na Sagalla hawakuwa na la kufundishwa na mgeni.

Dawa za kigeni zilipanda nyuma ya Biblia. Mmisionari Johannes Rebmann alipita nchi ya Taita akielekea Uchaga, na mwezi Mei 1848 akauona Mlima Kilimanjaro. Lakini kituo cha kudumu cha Chama cha Wamisionari wa Kanisa la Uingereza hakikuwekwa Sagalla hadi mwaka 1883, chini ya Joseph Wray, ambaye hakukaa muda mrefu kabla ya ukame na njaa ya katikati ya miaka ya 1880 kuitesa nchi na watu kumshuku kuwa ndiye aliyeizuia mvua. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifuata Bura mwaka 1892, na katika miaka hiyohiyo wenzao Waanglikana walikuwa wamejijenga Taveta. Huduma ya vituo hivyo kwa wagonjwa ilikuwa ndogo, na nguvu yake kubwa ilikuwa kuwazoesha watu kuona ugonjwa ukishughulikiwa nje ya nyumba ya mgonjwa.

Reli ilileta jambo zito zaidi. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na kufikia mwisho wa mwaka 1897 vyuma vilikuwa vimefika Voi, kilomita zipatazo 160 kutoka pwani, vikiwa na maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi ambao homa, kuhara na vidonda vya miguu viliwaandama hatua kwa hatua. Mwaka huohuo wa 1897, huko India walikotoka vibarua hao, Ronald Ross alithibitisha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mwili wa mbu. Ugunduzi huo haukuwafaidi waliokuwa wamelala mahemani Voi wakati huo, kwani kati ya kujulikana kwa jambo na kufika kwake kitandani pa mgonjwa kulikuwa na umbali ambao reli haikuweza kuufupisha.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyoigeuza nchi hii kuwa uwanja wa wagonjwa. Wajerumani waliitwaa Taveta mwezi Agosti 1914. Waingereza wakaanza mwaka 1915 kutandika reli kutoka Voi kupitia Maktau na Mbuyuni kuelekea mpakani, na mwezi Februari 1916 majeshi yao yakarudishwa nyuma katika kilima cha Salaita, kabla ya kushinda katika vilima vya Latema na Reata mwezi uliofuata. Reli iliyopeleka risasi ilirudi na majeruhi, na makaburi ya kijeshi ya Voi, Maktau na Taveta yangali yakionyesha sehemu ya gharama ile. Lakini risasi haikuwa muuaji mkuu. Katika vita vya Afrika Mashariki maradhi yaliwaangusha watu wengi kupita mapigano, na walioumia kuliko wote walikuwa wapagazi wa Kariakoo, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliobeba unga na baruti kwa kichwa, wakila nafaka iliyopikwa nusunusu, wakilala bila blanketi la kutosha, na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao bila majina yao kuandikwa kwenye jiwe lolote. Watu wa Kasigau nao, walioshukiwa na Waingereza kuwa walimsaidia adui, waling'olewa milimani mwao mwaka 1915 na kuhamishiwa Malindi, kwenye joto na mbu wasiovizoea, na wengi hawakurudi.

Ugonjwa uliowamaliza wapagazi hao zaidi ulikuwa kuhara damu, na inafaa kueleza namna unavyoua, maana hapa somo la wodi na historia hukutana kabisa. Mgonjwa wa kuhara hufa kwa kukaukiwa: maji na chumvi hutoka mwilini kwa kasi kuliko anavyoweza kunywa, damu hupungua wingi wake ndani ya mishipa, moyo hukimbia kujaribu kufidia upungufu huo, na viungo vya ndani hunyimwa hewa. Dalili zake husomeka bila mashine yoyote. Ngozi ya tumbo ikifinywa kwa vidole viwili na kuachiliwa hukawia kurudi; macho huzama; ulimi huwa mkavu kama gome; mapigo ya kifundo cha mkono huwa mepesi na ya haraka, kisha hupotea chini ya kidole; mkojo hupungua na kuwa wa rangi nzito. Mwanafunzi wa leo hufundishwa kujumlisha kila saa maji yote yaliyoingia na yote yaliyotoka, na kutoa taarifa mkojo wa mtu mzima ukiwa chini ya mililita 30 kwa saa, kwa sababu figo hulia njaa ya damu mapema, pengine kabla shinikizo la damu halijashuka. Mpagazi wa mwaka 1916 hakuwa na dripu wala karatasi ya kujumlishia maji yake. Kikombe cha maji safi yaliyochemshwa, kikirudiwa na mtu mvumilivu usiku kucha, kingeweza kumwokoa mara nyingi, na mtu huyo mvumilivu ndiye aliyekosekana.

Baada ya vita serikali ya kikoloni ilihitaji mikono, na mikono hiyo ikaitwa dresa, neno lililotoka katika kazi yenyewe ya kufunga vidonda. Dresa alikuwa kijana wa Kiafrika aliyefunzwa wodini kwa kuonyeshwa na kurudia, kwanza bila shule maalumu. Chimbuko la mafunzo rasmi ya watumishi wa tiba nchini Kenya huhesabiwa kuwa mwaka 1927 huko Nairobi. Katika miaka hiyo ya 1920 kampeni dhidi ya buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi na mifupa unaoambukizwa kwa kugusana, ilibadili fikra za watu vijijini katika sehemu nyingi za Kenya, kwa kuwa sindano moja au mbili ziliponya kwa siku chache madonda yaliyokuwa yamemkaa mtu miaka. Na tangu hapo watu wakaanza kuidai sindano hata kwa ugonjwa usioihitaji, tabia ambayo wauguzi wanapambana nayo hadi sasa.

Hospitali ya Wesu, iliyojengwa juu milimani karibu na Wundanyi, ilikuwa mahali pa baridi na hewa safi, lakini mgonjwa wa nyikani ilimbidi apandishwe mlima, mara nyingi kwa machela iliyobebwa mabegani mwa jamaa zake. Huko, na katika zahanati za chini, vidonda vya mguu vilimletea dresa kazi nyingi: mkulima aliyejikata kwa jembe, mfanyakazi wa mashamba ya katani ya Mwatate, Voi au Taveta aliyechomwa na mwiba wa jani, mchungaji aliyeparuzwa na mgunga. Dresa alilowesha bandeji iliyoganda kwa maji ya potasiamu pamanganeti, yale maji ya zambarau, ili isichune nyama changa. Akaifungua polepole, akatazama rangi ya nyama, ukingo wa kidonda, wingi na harufu ya usaha, kisha akaosha kutoka katikati kwenda nje. Joseph Lister alikuwa amechapisha mwaka 1867 njia yake ya kuua vijidudu vilivyokwisha kuingia kidondani, nayo huitwa antisepsia; elimu iliyofuata, iitwayo asepsia, ilikazia kuvizuia visiingie kabisa, kwa kuchemsha vyombo na kunawa mikono. Dresa alifanya kazi kati ya elimu hizo mbili, akiwa na sufuria moja ya kuchemshia koleo na foleni ya watu nje. Anastahili heshima kubwa kuliko aliyopewa na wanahistoria wa tiba, ambao wameandika mengi juu ya madaktari wakuu na machache mno juu yake.

Taveta, nchi ya maji na migomba chini ya Kilimanjaro, ilikuwa na mtihani wake. Kati ya mwaka 1955 na 1959 Mpango wa Malaria wa Pare na Taveta, uliosimamiwa na taasisi ya utafiti wa malaria ya Amani huko Tanganyika, ulinyunyiza dawa ya dieldrini kwenye kuta za nyumba ili mbu wanaotua baada ya kunyonya damu wafe. Mbu aina ya funestusi karibu watoweke, vimelea vikapungua sana katika damu za watoto, na vifo vya wachanga vikashuka. Kisha unyunyizaji ukakoma, na malaria ikarudi taratibu, huku swali la watoto waliokulia katika miaka hiyo bila kujijengea kinga likiwahangaisha watafiti. Kwa muuguzi wa wodini funzo lilikuwa la vitendo: homa ya Taveta haikuweza tena kukisiwa kwa mazoea, ilibidi damu ipimwe, na mgonjwa wa malaria kali anayetibiwa kwa kwinini achunguzwe sukari yake, kwa kuwa ugonjwa na dawa yenyewe vyote huweza kuishusha hadi mtu azimie na kudhaniwa kuwa malaria imepanda kichwani.

Sheria nazo zilifuata polepole. Usajili wa wauguzi na wakunga ulitungiwa sheria mwaka 1949, na Hospitali ya King George VI ya Nairobi, ambayo sasa ni Kenyatta, ikaanza mwaka 1952 kuwafunza Waafrika kwa cheo cha muuguzi aliyesajiliwa, yaani mwenye elimu kamili, juu ya yule aliyeorodheshwa tu. Mwaka 1966 ukaanzishwa mtaala wa muuguzi wa jamii, ambaye alitakiwa kuunganisha uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya umma, kwa sababu kituo cha kijijini kisingeweza kuajiri watu watatu. Majaribio ya dawa za kifua kikuu yaliyofanywa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1970 yalionyesha kwamba miezi sita ya matibabu yenye rifampisini yangetosha badala ya mwaka mmoja na nusu, na kazi ya muuguzi ikahama kutoka kumlinda mgonjwa kitandani hadi kumfuata kwake ahakikishe anameza. Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983 iliipa taaluma baraza lake, na chuo cha taifa cha utabibu kikapata sheria yake mwaka 1990.

Tangu huduma za afya zikabidhiwe kaunti mwaka 2013, Hospitali ya Moi ya Voi imekuwa ya rufaa kwa eneo lote, nayo hupokea majeruhi wa barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, wanaovuja damu, na waliogongwa na nyoka kutoka nyika za kandokando ya Tsavo. Kwa aliyegongwa na bafe, mwanafunzi hufundishwa kutochanja jeraha wala kulifunga kwa kamba, bali kukifunga kiungo kwenye gango kisitikisike, kuchora kwa kalamu mpaka wa uvimbe na kuandika saa pembeni yake, kisha kupima kama sumu imeharibu uwezo wa damu kuganda. Kipimo hicho hakihitaji umeme. Damu kidogo huwekwa katika tyubu safi kavu ya kioo, ikasimamishwa mezani bila kuguswa kwa dakika 20, na anayelinda hapaswi kuitikisa wala kuondoka. Muda ukitimia huiinamisha mara moja: ikishikamana chini kama uji uliopoa, hurudia baadaye, ikitiririka ukutani mwa kioo kama maji, huandika saa kwenye chati na kwenda kumwita mwenye zamu.