Malale: Ziwa Lililohamwa

Waganda waliuita mongota, kwa sababu ya ule usingizi unaomshinda mtu mchana. Katika Kiswahili tunauita malale. Majina yote mawili yanamtazama mgonjwa mwenyewe, anayesinzia huku shamba likimngoja.

Madaktari wa Hospitali ya Mengo waliutambua ugonjwa huu nchini Uganda mwaka 1901. Inakadiriwa kuwa katika miaka michache tu watu zaidi ya 200,000 walikufa Busoga, kwenye pwani ya Buganda na katika visiwa vya Ziwa Viktoria. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake walionyesha kuwa vimelea vyake huenezwa na mbung'o, ambaye hupenda vichaka vya kando ya maji. Tangu hapo njia zilikuwa mbili: aondolewe mbung'o au aondolewe binadamu. Binadamu alikuwa rahisi zaidi kumwondoa.

Hesketh Bell, aliyefika mwaka 1906 kuongoza serikali ya kikoloni, aliamuru wakazi wa ukingo wa ziwa wahamishiwe bara. Kufikia mwaka 1909 zamu ilikuwa ya watu wa visiwa vya Ssese. Vifo vilipungua sana, na hilo hatulikani. Lakini tunapouliza nani alilipa gharama, jibu ni wavuvi walionyimwa maji yao. Mitumbwi ilikaa bure, nyumba zikamezwa na msitu, na watu waliokuwa na kwao wakawa wageni kwenye ardhi ya wengine. Wengi hawakuruhusiwa kurudi mpaka karibu na mwaka 1920.

Huko huko Ssese, mwaka 1906 na 1907, Robert Koch alijaribu dawa iitwayo atoksili. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Jina la Koch kila mwanafunzi wa biolojia analijua (tuzo ya Nobeli alikuwa ameshaipata mwaka 1905). Majina ya waliopofuka hatuyakuti katika vitabu tunavyofundishia.

Tumeyakumbuka haya kwa sababu ya UVIKO-19. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na madarasa mengi hayakufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Hatusemi kwamba kufunga kulikuwa kosa; hata kuwahamisha watu wa ziwani kuliokoa maisha. Tunachosema ni kwamba mara zote mbili anayebeba mzigo mzito hakuulizwa, wala hakufidiwa ipasavyo. Mtoto mwenye redio na intaneti nyumbani aliendelea kusoma. Wa kijijini alishika jembe au wavu. Shule zilipofunguliwa, wasichana wengine hawakurudi, maana walikuwa wameshakuwa akina mama, na wanafunzi wetu wa ualimu walipokwenda mazoezini walikuta madawati yao matupu.

Muhula huu tumewaomba wanafunzi wanaotoka kando ya ziwa wawahoji wazee wao, kwa lugha yoyote ile, kisha watuandikie kwa Kiswahili waliyosimuliwa kuhusu kuhama na kurudi.