Mkusanyo wa Picha za Hisia (IAPS)

Ni hazina ya picha za rangi inayotumiwa na wanasaikolojia kupima hisia za watazamaji. Iliandaliwa na Peter Lang na wenzake katika Chuo Kikuu cha Florida, Marekani. Zimo picha za watoto wachanga, nyoka, maiti, hata kikapu kitupu. Mtazamaji huipa kila picha alama 1 hadi 9, akiongozwa na vikatuni badala ya maelezo marefu: inapendeza au inachukiza, inasisimua kiasi gani, na je, anajimudu? Kauli peke yake haiaminiki sana, hivyo mwili nao hupimwa. Jasho la kiganja huongezeka kwa picha inayosisimua, iwe nzuri au ya kutisha; msuli wa kukunja nyusi hukaza kwa picha mbaya. Watafiti hukatazwa kuzichapisha magazetini, kwani zikizoeleka hupoteza nguvu.