Mita ya Mshale na Reli ya Mbamba Bay

Kwetu kando ya Ziwa Nyasa, reli ni kitu kilichopimwa sana na hakijatandikwa hata futi moja. Walioanza ni Wajerumani. Mwaka 1905 Paul Fuchs alichapisha uchunguzi wake juu ya faida za reli ya kusini, ambayo ingetoka Kilwa hadi ziwani. Fedha zikaenda kwenye reli ya kati, ile ya Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyofika mwisho wake mwaka 1914. Waingereza nao walijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza 1947. Mpango ulikufa 1951, reli ikafungwa 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Mwaka 2004 Malawi, Msumbiji, Tanzania na Zambia zilitia saini makubaliano ya Ushoroba wa Mtwara, na reli ikarudi tena kwenye makaratasi: kilomita kama 1,000 kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga.

Jambo la kuchekesha ni kwamba jina la reli tulikuwa nalo siku zote, ila lilikuja kwa maji. Meli za Songea na Iringa zilikuwa mali ya Shirika la Reli Tanzania. Hata Ilala, iliyoanza safari mwaka 1951 na ambayo iliwahi kutia nanga Mbamba Bay, ilikuwa ya shirika la reli la ng'ambo ya pili, Nyasaland wakati ule. Basi mtu wa pwani yetu aliweza kuzeeka akisafiri na Shirika la Reli bila kuona taruma.

Nilipostaafu ualimu wa fizikia niliamua kuitandika reli hiyo mwenyewe, juu ya meza. Rafiki yangu aliyesoma Ujerumani aliniachia injini moja ndogo, mabehewa sita na sanduku la reli za vipande. Vyote ni vya kipimo cha 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho, kilomita 1,000 za kweli zingekuwa zaidi ya kilomita 11, nami nilikuwa na plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4. Kwa hiyo Mtwara na Masasi zimekaribiana mno, na kutoka Songea kupanda Mbinga ni mwinuko wa mbao uliofunikwa gunia lililopakwa rangi. Kisha njia inateremka hadi ziwani, ambalo ni kioo cha dirisha.

Injini ya namna hii hutumia umeme wa mkondo mnyoofu, volti 12 kwa wingi wake. Ukiongeza volti inakimbia, ukipunguza inatambaa. Ili kuiendesha kwa akili unahitaji mita mbili: moja ya volti, inayokuonyesha unasukuma kiasi gani, na moja ya ampea, inayokuonyesha injini inakula kiasi gani. Nikisema mita, msomaji asifikirie LUKU ya ukutani. Nasema mita ya mshale, yenye uso mweupe na kioo mbele, ambayo mshale wake hupanda na kushuka mbele ya macho yako.

Hapo ndipo safari ilipoanza. Mafundi redio wa Mbinga wote walikuwa na mita za tarakimu. "Shikamoo mwalimu," aliniambia mmoja wao, kijana niliyemfundisha, "mshale nani anausoma siku hizi? Hii inakupa namba mpaka nukta mbili." Nilimjibu kwamba namba inakuambia umeme ulivyo sasa hivi, lakini mshale unakuonyesha pia unaelekea wapi. Injini ikiacha njia na magurudumu yakigusanisha nguzo mbili za umeme, mshale wa ampea huruka hadi mwisho kabla jicho halijasoma tarakimu yoyote.

Kijana yule alinielewa, maana wote tumekulia kwenye umeme wa kusomwa kwa macho. Kabla ya gridi ya taifa kufika Songea mwaka 2018, kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, umeme wa mji wa Mbinga ulikuwa ukitoka kwenye jenereta za dizeli. Balbu ndiyo iliyokuwa mita yetu. Ikiwa ya manjano tulijua watu wengi wamewasha. Ikianza kuwa nyekundu tulizima redio na kutafuta kibatari.

Mita ya kwanza niliipata gereji, kwenye chaja ya betri iliyokufa. Nilipotazama uso wake niliiacha. Alama zake zilisongamana mwanzoni na kuachana mbele, na hiyo ni dalili ya mita ya kipande cha chuma kinachovutwa, ambayo kwenye umeme mdogo haisemi kitu. Niliyoitaka ni ile ya koili inayozunguka kati ya ncha za sumaku, ikizuiwa na springi nyembamba kama unywele. Msingi wake, koili kati ya ncha za sumaku, ni kazi ya Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval ya mwaka 1882, na mshale wa mita ya namna hiyo hupiga hatua zilizo sawa kutoka sifuri hadi mwisho.

Ya pili nilitolewa na yule fundi, kutoka redio kaseti ya zamani: ile mita ndogo iliyokuwa ikicheza na muziki. Tulipoipima, mshale ulifika mwisho kwa nusu ya miliampea tu, na koili yake ilikuwa na ukinzani wa omu 600. Mimi nilitaka ifike mwisho kwa ampea 1. Dawa yake ni kuupa umeme njia ya pembeni, ambayo mafundi huiita shanti. Nusu ya miliampea mara omu 600 ni volti 0.3, kwa hiyo njia ya pembeni iwe na omu 0.3. Niliikata kutoka waya wa jiko la umeme lililoungua. Waya huo haushiki risasi ya kuchomelea, hivyo niliubana kwa skrubu. Uso wa zamani niliufunika kwa karatasi na kuchora alama upya, nikizisahihisha kwa mita ya tarakimu ya kijana wangu.

Mita ya volti ilitoka ziwani. Nilishuka Mbamba Bay, na fundi mmoja wa injini za boti alikuwa nayo kwenye boksi la vyuma chakavu. Ilitoka kwenye boti iliyotumia betri za volti 24, na uso wake ulisoma 0 hadi 30. Kutu ilikuwa imeshika skrubu, lakini mshale ulikuwa huru. Alikataa pesa. Nilimnunulia mkewe usipa wake wote wa siku ile, tukaachana kwa vicheko.

Siku reli ilipokamilika nilimwita kaka yangu mkubwa, ambaye amelima kahawa milimani maisha yake yote na ameibeba magunia kwa magunia kichwani kabla lori halijamfikia. Tangu utotoni amekuwa akiambiwa garimoshi linakuja. Nilijaza mabehewa sita kahawa yake mwenyewe, punje kwa punje, nikaanzisha treni kutoka Songea. Kwenye tambarare mshale wa ampea ulisimama kwenye 0.2. Ulipofika mwinuko wa Mbinga ukaanza kupanda, polepole, hadi karibu na 0.4, na injini ikalia. Nilimwonyesha. Kaka hakuuliza lolote juu ya reli ya kweli. Alisogeza kiti, akautazama mshale, akasema, "Kumbe mzigo unaonekana."

Nimefikiria sana maneno yake. Wapimaji wa miaka mia na zaidi walihesabu tani, maili na fedha, na namba zao zikaenda Berlin, London na Dar es Salaam. Sidhani kuna aliyerudi kumwonyesha mwenye mzigo kile alichopima. Mita zangu haziahidi kitu. Umeme ukikatika zinarudi sifuri na kukaa hapo. Lakini kaka yangu sasa huja na wajukuu, huwaweka mbele ya mita, na kabla treni haijaanza kupanda huwauliza mshale utafika wapi.