Jambia la marehemu babu: kulijua na kulitunza

Nyumba nyingi za Mji wa Kale Mombasa, Lamu na Malindi zina jambia moja lililofungwa kitambaa, liko ndani ya sanduku au juu ya kabati. Mwenyewe akifariki warithi hulitoa, na swali la kwanza huwa ni bei. Mimi naona bei ingoje. Kwanza ujue jambia ni la wapi, na mpini wake ni wa kitu gani. Hilo la pili laweza kukufikisha mahakamani.

Anza na ala, maana ala husema zaidi kuliko kisu chenyewe. Jambia la Oman lina ala iliyopinda kama kiwiko cha mkono, na kwa juu ina pete za fedha zinazoshika mshipi. Pete nne ndizo za kawaida. Zikiwa saba, na mpini umefunikwa fedha ya nakshi mpaka juu, huenda ni la mtindo wa Saidi, wa ukoo wa masultani. Husimuliwa kwamba mtindo huo ulibuniwa na mke wa Kiajemi wa Sayyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kufariki mwaka 1856. La Yemen ni jingine. Ala ya lile linalovaliwa na watu wa makabila hukunjika kwenda juu kama ndoana, na mpini mara nyingi una vifungo viwili vya duara, pengine sarafu. Masharifu na makadhi wa huko walikuwa na lao lisilopinda sana, lililovaliwa upande wa kulia. Pwani yetu ilipokea watu wa pande zote mbili, kwa hivyo usikate shauri kwa jina la ukoo wako peke yake.

Tena usishangae ukikuta kisu cha huku kwenye ala ya kule. Kisu kikivunjika, mtu alimwendea fundi akatiwa kingine; ala ikichakaa, sonara aliivisha upya. Jambia lilikuwa kitu cha kuvaliwa, si cha kuwekwa kwenye kioo.

Kwa fedha, watu hukimbilia sumaku. Sumaku haishiki fedha, kweli, lakini haishiki shaba pia, kwa hivyo haimalizi neno. Tazama mahali palipolika kwa kusuguana na kanzu na mshipi. Pakionyesha rangi ya manjano au nyekundu kwa chini, hiyo ni fedha ya kupaka. Pakiwa peupe mpaka ndani, una dalili nzuri. Ukiona riale ya Maria Theresa kwenye mshipi au mpini, usihesabu umri kwayo: riale hizo ziliendelea kupigwa kwa zaidi ya miaka mia, na zote zimeandikwa 1780. Mwaka wa Hijria uliochongwa kwenye ala una maana zaidi. Ukisoma 1310, hiyo ni kama 1892 au 1893 Miladia.

Sasa mpini. Mipini ya zamani ilitengenezwa kwa mti, pembe ya ng'ombe au nyati, pembe ya ndovu, na ile iliyothaminiwa kuliko zote, pembe ya kifaru. Pembe ya kifaru haina mfupa ndani. Imeshikana kama ukucha, na ukiitazama kwa karibu huonyesha nyuzi nyembamba zinazokwenda kwa urefu. Ukiimulika kwa tochi, penye wembamba hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Pembe ya ndovu ina mistari myembamba inayokatana. Wako wanaochoma sindano ya moto kwenye mpini wanuse harufu. Usikubali: ukucha wa mtu, pembe ya ng'ombe na ya kifaru hunuka karibu sawa, nawe utabaki na tundu.

Ukishuku ni kifaru au ndovu, usilitangaze kwenye simu kutafuta mnunuzi. Biashara ya kimataifa ya pembe za kifaru imekatazwa tangu 1977 chini ya mkataba wa CITES, na sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 inahesabu kuwa na kitu cha mnyama kama huyo bila kibali ni kosa lenye adhabu nzito. Kusema "nimerithi" hakutoshi. Zungumza na wakili, kisha mwende pamoja KWS mkaeleze wenyewe, kabla hakijagunduliwa na mtu mwingine.

Kuna na sheria ya makumbusho ya 2006. Kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Kwa hivyo yule ndugu wa Maskati au London anayetaka kulichukua kwenye begi lake baada ya matanga, mwambie asubiri. Wataalamu wa Fort Jesus na wa makumbusho ya Lamu ndio wa kuonyeshwa kwanza.

Kuhusu utunzaji, adui wetu ni hewa ya chumvi na ukungu wa masika. Jambia likikwama ndani ya ala usilivute kwa nguvu, kwani mti na ngozi vimevimba. Liache siku kadhaa kwenye chumba kikavu, mbali na jua. Likitoka, shika mpini tu. Jasho la vidole huleta kutu. Futa kisu kwa kitambaa laini cha pamba, kisha paka mafuta ya cherehani, kidogo mno. Mafuta ya nazi yaache jikoni, huganda na kunata vumbi. Kutu ya juu juu isugue taratibu kwa mafuta hayohayo. Msasa, chuma cha kusugulia sufuria na jiwe la mnoaji ni haramu kwa kisu hiki, na ndimu na majivu, tunavyosugulia sinia za shaba, hula chuma na kuacha vishimo.

Fedha kuwa nyeusi kwenye mabonde ya nakshi si uchafu. Weusi huo ndio unaoifanya nakshi isomeke, na mnunuzi ajuaye huutafuta. Usizungushe mpira wala kitambaa cha sufi, vyote hutia fedha weusi mbaya. Kunja kwa bafta iliyofuliwa bila kulainishwa kwa dawa, kisu mbali na ala mbali, ukaweke pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Fungua ukague kabla ya mvua na baada yake.

Na bei? Mchuuzi akiliweka kwenye mizani akakupa thamani ya fedha kwa gramu, lifunge urudi nalo nyumbani. Uzani ni wa chuma kilichovunjika. Jambia ni mali ya warithi wote mpaka mirathi igawanywe, kwa hivyo anayetaka kubaki nalo alihesabu kwenye fungu lake mbele ya wenzake. Kabla ya hapo lipigeni picha pande zote, na mwende kwa mzee aliyebaki mumwulize lilivaliwa na nani, harusi ya nani, lilitoka wapi. Andikeni kwenye karatasi, na karatasi ikae ndani ya kitambaa pamoja nalo.