Kichocho na Mkojo wa Damu: Jina la Ugonjwa na Jina la Dalili

Mgonjwa afikapo hospitali usiku na kusema, "Nina kichocho," aghalabu huwa hajataja ugonjwa, bali ametaja alichokiona, yaani damu katika mkojo. Tabibu aipokeaye kauli hiyo kama ilivyo huenda akaandika dawa ya minyoo, ilhali figo imepasuka kwa ajali, au kijiwe kimekwama katika njia ya mkojo, au saratani imekwisha kuota kibofuni.

Theodor Bilharz, tabibu Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, alimgundua mnyoo wa kichocho mwaka 1851 alipokuwa akipasua maiti. Alimwita haematobium, jina ambalo kwa asili yake ya Kiyunani maana yake ni "aishiye katika damu". Msomi huyo alimwita mdudu kwa makao yake. Juu ya mkojo jina halisemi neno. Ugonjwa wenyewe ni wa kale mno, kwani mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alieleza kuwa ameyaona mayai ya mnyoo huyo katika figo za maiti za Misri zilizokaushwa yapata miaka 3,000 iliyopita.

Mwaka 1915 Robert Leiper alithibitisha, huko huko Misri, kwamba minyoo ni wa aina mbili, kila mmoja na konokono wake: mmoja hudhuru kibofu, mwingine matumbo. Unguja na Pemba wanamjua yule wa kwanza. Kandokando ya Ziwa Viktoria yule wa pili ameenea sana. Ndipo tukapata "kichocho cha mkojo" na "kichocho cha tumbo". Nyongeza hizo ni nzuri, lakini zatulazimisha kukiri jambo moja: mwenye kichocho cha tumbo kwa kawaida hakojoi damu. Basi kichocho hakiwezi tena kuwa jina la dalili.

Wala si kila mkojo mwekundu au mweusi una damu nzima. Homa ya mkojo mweusi, aliyoichunguza Robert Koch katika Afrika Mashariki ya Wajerumani na kuandika habari zake mwaka 1898, hutia mkojo rangi ya chembe za damu zilizopasuka mwilini. Chini ya hadubini chembe zenyewe hazionekani, au ni chache.

Kwa hiyo napendekeza "mkojo wa damu" liwe jina la dalili peke yake. Sioni haja ya kukopa neno la Kiyunani. Hata swali la kwanza la tabibu lina maneno tayari: damu hutoka mwanzoni, mwishoni, au tangu mwanzo hata mwisho? Ya mwanzoni huelekeza kwenye mrija wa nje. Ya mwishoni kwenye shingo ya kibofu, kama ilivyo mara nyingi katika kichocho. Ya muda wote kwenye kibofu chenyewe au figo. Na mabonge ya damu yakiziba mkojo, kibofu hufunguliwa kwanza, kabla ya kubishana juu ya jina. Hata kichocho kikithibitishwa, uchunguzi haukomi: tangu mwaka 1911 A. R. Ferguson alikwisha kukihusisha na saratani ya kibofu miongoni mwa wagonjwa wa Misri.